Sinki la Bibi Yako Kagongwa

Ipo siku moja, mwanangu Masanja, ambayo huikumbuka kila nisikiapo maji yakishuka kwenye sinki. Wengine hukumbuka harusi zao, au siku waliyoshika dhahabu kwa mara ya kwanza. Mimi nakumbuka asubuhi niliyolala chali chini ya sinki la bibi yako Milembe, kule Kagongwa, maji machafu yakinidondokea shingoni. Kaa kidogo nikusimulie kabla hujafunga begi. Najua kesho unakwenda Mhunze kumchukua mkeo na mtoto, na najua unakwenda na hasira. Nimekusikia jana ukiongea na simu pale nje. Kuta za nyumba hii si nene kiasi hicho.

Unasema mama mkwe wako anawazuia. Kila ukituma mtu, anarudi na neno lilelile: mtoto bado mchanga, subirini kidogo. Na umeapa, nimesikia kwa masikio yangu, kwamba safari hii ukiondoka bila wao hutakanyaga tena kule. Haya. Maneno kama hayo yaliwahi kutoka kinywani mwangu, na mtoto aliyekuwa akigombaniwa siku hiyo ulikuwa wewe, kichwa kimechongoka, umefungwa kwenye kitenge cha bibi yako, hujui hili wala lile.

Mama yako alikwenda kujifungua kwao, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza. Mimi nilikuwa Masumbwe, nashuka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, pamoja na wenzangu. Nilikuwa kijana mwenye kifua kipana, na nilidhani kila kitu duniani hufunguka kwa nguvu. Nilikuwa nimejenga chumba na sebule, bati jipya, na kitanda cha mninga nimekinunua. Nilipoambiwa nimepata mtoto wa kiume nikasubiri mpaka mama yako apate nguvu kidogo, kisha nikaenda Kagongwa kuwachukua. Dereva wa pikapu nilikwisha kupatana naye, atupitie kesho yake mchana.

Sasa, habari ya mama mkwe. Ninyi vijana wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu mmeshikana mabega, mnaziweka kwenye simu watu wazione. Sisemi ni vibaya. Lakini kwetu Usukumani, enzi zetu, mama mkwe humtazami usoni. Mkikutana njiani, mmoja anakaa kando mwenzake apite. Humpi mkono, huli naye, na jikoni kwake huingii. Wala haikuwa chuki, ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Ukiwa na neno naye, unalipitisha kwa mtu.

Mtu wetu alikuwa Mjomba Luhende, kaka yake bibi yako, Mungu amrehemu. Mtu mwema sana, ila alikuwa na ugonjwa wa kupenda amani. Ukimpa neno la moto, analifikisha limeshapoa kama uji wa jana. Jioni niliyofika nilikaa sebuleni, bibi yako yuko uani, na Mjomba akawa anakwenda na kurudi katikati yetu.

"Mwambie Mama nyumba ipo, na bati nimeezeka," nikasema.

Akaenda, akarudi. "Anasema wabeja, amefurahi sana. Ila mtoto bado mchanga."

Hilo wabeja ni ahsante ya kwetu, wewe unalijua. Nikasema zahanati iko jirani. Mjomba akaenda, akarudi: wabeja, amefurahi, ila kuna baridi ya asubuhi. Nikasema nimenunua blanketi. Wabeja kwa blanketi, ila barabara ina vumbi. Ikawa hivyo mpaka kuku wakaingia bandani, na mimi bado sijui yule mama anataka nini hasa. Mama yako alikuwa ameketi kati yetu anakunyonyesha, macho chini. Nilimhurumia baadaye. Jioni ile sikuwa na huruma, nilikuwa na haraka.

"Minza," nikamwambia, "kesho gari likija, unapanda au hupandi?"

Nikamwambia kama hapandi, basi asinitarajie tena. Nikaenda kulala kwa Mjomba, nyumba ya pili, na usingizi ukanikataa.

Asubuhi nikarudi. Mjomba Luhende alikuwa amekwenda sokoni kutafuta nyama, maana yeye aliamini hakuna ugomvi unaoushinda mchuzi wa mbuzi. Mama yako akatokeza kichwa kwenye mlango wa jikoni.

"Baba Masanja, hebu ingia uangalie hili sinki. Maji hayaendi, nguo za mtoto hazisuuziki. Mama ametoka, yuko kwa mbuzi."

Nyumba ile ilikuwa ya kiwanda cha kuchambua pamba. Babu yako, mume wa bibi, alikuwa fundi mitambo pale, na kiwanda kilipofungwa wafanyakazi wakaachiwa nyumba zao. Ndiyo maana jikoni kulikuwa na sinki la chuma na bomba, wakati majirani wengi walikuwa wanaoshea vyombo uani. Lilikaa juu ya vijiguzo viwili vya tofali, na kwa chini lilikuwa na pazia la maua la kuficha mabomba na ndoo. Maji ya povu yalikuwa yamesimama ndani yake. Nikapitisha waya, wapi. Chujio, kile kikombe cha chuma chenye matundu kinachokaa kwenye tundu la sinki, lilikuwa limeliwa na kutu, mafuta ya miaka yamegandia humo, matundu yamekuwa kitu kimoja. Na chini lilikuwa linavuja, ndoo imewekwa kukinga.

Chujio la namna ile hulivuti kwa juu, mwanangu, hata ungekuwa na nguvu za fahali. Chini ya sinki kuna nati kubwa, pana kama mdomo wa kikombe, ndiyo inayolibana. Nati ikifunguka, chujio linajitokea lenyewe. Nikaomba vyombo vya babu yako. Mama yako akanitolea sanduku lililojaa vumbi, ndani yake mna spana kubwa ya bomba, koleo, bisibisi ndefu. Nikachota yale maji, nikaingia chini ya pazia, nikalala chali, nikafungua kwanza bomba lililopinda na kumwaga uchafu wake kwenye ndoo. Kisha nikadondoshea nati mafuta ya taa yapenye kwenye kutu. Unatakiwa uyape muda. Mimi niliyapa muda wa kupiga mwayo, nikashika spana.

Nikazungusha, na kila kitu kikazunguka. Nati imezunguka, chujio nalo juu limezunguka nayo, hakuna kilichofunguka. Kazi ile ni ya watu wawili. Mmoja chini anafungua, mwingine juu anashikilia chujio lisizunguke. Nikatoka, nikazibua matundu mawili kwa msumari, nikachomeka humo mikono ya koleo, nikapitisha bisibisi katikati yake iwe mpini.

"Shika hapa, Minza. Usiache lizunguke."

Nikarudi chini. Kutoka pale nilikuwa naona miguu yake tu, chini ya upindo wa pazia. Tukaanza, mimi nasukuma, yeye anashikilia, nati imekaza. Ndipo wewe ukalia kule chumbani. Na wewe ulikuwa hulii kidogo, ulikuwa unalia kama unadai haki. Mama yako akasema nisubiri, miguu ikaondoka. Nikabaki nimelala pale, natukana nati kimoyomoyo.

Miguu mingine ikaja. Visigino vimepasuka, kandambili zimelika upande mmoja, upindo wa kitenge cha zamani. Nikaijua. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kichwani pangu, jikoni kwake, na mimi nimelala sakafuni kwake nimekunja magoti. Hapakuwa na mlango wa kutokea ila pale aliposimama. Nikadhani ataondoka. Badala yake nikasikia koleo linagusa chuma, na chujio likatulia.

Ameshika.

Nikaweka spana, na kwa kuwa nilikuwa na aibu nikaivuta kwa pupa, nikaipigiza kwa ngumi. Sinki zima likatikisika.

"Polepole," ikasema sauti juu.

Hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza yule mama kuniambia kwa kinywa chake tangu nimuoe binti yake. Nusura nigonge kichwa kwenye bomba.

"Ikigoma, irudishe kwanza," akasema. "Kidogo tu, ulikotoka. Kisha uendelee. Baba Minza ndivyo alivyokuwa anafanya."

"Ndiyo, Mama," nikaliambia bomba.

Nikairudisha kidogo, kama vile naikaza. Kisha nikavuta. Ikasogea unywele, ikagoma. Nikarudisha tena. Tukawa hivyo, na kitu fulani katika ule utulivu kikamfungua ulimi. Labda kwa kuwa pazia lilikuwa kati yetu. Yeye haoni uso wangu, mimi sioni wake, hakuna mwiko uliovunjwa.

"Hiyo aliifunga yeye," akasema. "Wiki ile aliyokwenda machimboni. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, hakuna kazi. Akasema hii ni ya muda tu, akirudi ataweka nzuri."

Nikaendelea kuvuta. Nilijua babu yako alifia kwenye shimo, kila mtu alijua. Sikuwahi kuuliza zaidi.

"Kule kwenye duara lenu," akasema, "ukishuka, nani anabaki juu na kamba?"

"Mwenzangu, Mama."

"Mwenzako yupi?"

Sikuwa na jina la kumpa, mwanangu. Juu anabaki yeyote aliyepo. Leo huyu, kesho yule, keshokutwa mtu aliyeteremka kwenye lori jana hata hujui kwao.

"Wa Baba Minza alikuwa amekwenda kunywa chai," akasema. Nililisikia koleo likigonga chuma. "Udongo uliposhuka hapakuwa na wa kuvuta. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni hapa, kila anayepita njia namtazama mikono kama ameshika ujumbe. Simzuii binti yangu, Baba Masanja. Ni mke wako, ni mtoto wako. Naogopa kumpeleka akakae mlangoni kama mimi."

Hebu fikiri. Jioni nzima Mjomba alikuwa ananiletea baridi, vumbi na uchanga wa mtoto. Na mimi jioni nzima nikajibu baridi kwa blanketi. Nilikuwa najibu vizuri sana mambo ambayo hakuna mtu aliyekuwa anayauliza.

Machozi yakanijaa, nakwambia kweli, na ukiwa umelala chali machozi yanaingia masikioni. Miguu ya mama yako ikarudi, nikamsikia anashtuka.

"Mama! Nipe nishike mimi."

"Niache," akasema bibi yako. "Nikiachia sasa litazunguka. Mwenzangu yuko chini."

Nikaona visigino vyake vikijikaza sakafuni. Nikarudisha nati kwa mara ya mwisho, nikavuta, ikalia kama mlango wa ghala, ikaachia. Na pamoja nayo yakashuka maji yote yaliyokuwa yamejificha kwenye ule mkorogo wa mafuta, meusi, na punje za wali, na kipande cha mchembe, kile kiazi kilichokaushwa, ambacho nadhani kilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Yote usoni. Nikapiga kelele. Kule juu bibi yako akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Mama yako naye akacheka, na mimi kule chini na uchafu wangu mdomoni nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Pole, mkwe," akasema. "Hayo ni ya miaka mingi."

Miguu yake ikaondoka, ikarudi. Mkono ukapita chini ya pazia, umeshika kifurushi cha gazeti lililogeuka rangi ya njano. Ndani mlikuwa na chujio jipya kabisa, linang'aa.

"Alinitumia kwa mtu kutoka machimboni," akasema. "Lilifika kabla yake."

Alikuwa amelihifadhi miaka yote ile, akiacha sinki livuje na ndoo ijae, kwa sababu hakuweza kumwita fundi yeyote aje aondoe lile alilofunga mumewe kwa mkono wake. Nilielewa bila kuambiwa, na nikalipokea kwa mikono miwili.

Nilifanya kazi ile taratibu kuliko kazi yoyote maishani mwangu. Nikakwangua ukingo wa tundu mpaka ukawa laini. Mpira uliokuja na chujio ulikuwa umekauka na kupasuka, nikakata mwingine kwenye tyubu ya gurudumu. Nikaweka mpira, nikaanza nati kwa vidole ili isikae upande, ndipo nikamalizia kwa spana, imebana bila kukabwa. Bibi yako akashikilia juu tena mwanzo hadi mwisho. Nikarudisha bomba, nikakausha kila kiungo kwa kitambaa, mama yako akajaza sinki na kuliachia. Maji yakashuka yote kwa mlio mmoja mnene. Nikapapasa kwa kidole kikavu, nacho kikarudi kikavu.

Nilipotoka chini ya pazia, bibi yako alikuwa ameshatoka jikoni.

Pikapu ikaja mchana. Nikambusu mtoto, yaani wewe, nikamwambia mama yako, "Usipande. Nitarudi kuwachukua." Nikamwita Mjomba Luhende, mdomo bado una mafuta ya mbuzi. "Mwambie Mama sitawachukua mpaka nipate kazi ya juu ya ardhi. Na Mjomba, neno hilo usiliongeze wala usilipunguze." Akalifikiri, nadhani akatafuta mahali pa kulipoza, hakupapata. Akaenda nalo hivyohivyo.

Ndivyo nilivyoacha kushuka shimoni, ndipo nikawa fundi wa karasha, zile mashine za kusaga mawe. Mavumbi na kelele, lakini ardhi ilikuwa chini ya miguu yangu. Niliporudi Kagongwa baada ya mavuno, mzigo wa mama yako ulikuwa umefungwa tayari, na bibi yako alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kitenge kichwani, kama desturi inavyotaka.

Sasa sikiliza hili, ambalo sikuwahi kumwambia mtu ila mama yako. Kila tulipokwenda kumsalimu, miaka na miaka, mama yako ananiambia, "Mama anasema sinki linavuja tena." Naingia chini ya pazia, na kweli linavuja. Nati imelegea kidogo. Lakini nati niliyoifunga mimi hailegei yenyewe, na hii ilikuwa imelegezwa kwa mkono, alama za spana zikiwa mbichi. Sikusema kitu. Kandambili zinakuja, koleo linashika, na tunaongea. Juu yako uliposumbua shuleni. Juu ya mama yako alipougua. Juu ya babu yako, alivyokuwa anaimba akifunga bomba. Tukimaliza nakaza nati, anaondoka, na tukikutana uani kila mmoja anatazama pembeni kwa heshima.

Mwaka aliofariki, watu walipojaa uani na nyimbo zikiimbwa, niliingia jikoni peke yangu. Nikainama chini ya pazia, nikapapasa. Kidole kikarudi kikavu. Nati ilikuwa imekaza sawasawa, kama nilivyoiacha. Nikakaa pale sakafuni nikalia kama mtoto.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi kwenda Mhunze. Nenda. Ila usiende kujibu yale unayoletewa na watu wa katikati, maana mtu wa katikati hupenda amani au hupenda ugomvi, na ukweli wenyewe mara nyingi huubakiza njiani. Uliza yule mama anaogopa nini. Kama mkitazamana hamwezi kusema, tafuta kazi ya mikono nyumbani kwake, bomba, mlango, zizi, chochote, mfanye pamoja bila kutazamana, na uwe wa kunyamaza kwanza. Ukiona neno limekaza, rudi nyuma kidogo kabla hujasukuma. Kurudi kidogo si kushindwa. Na kiapo chako cha kutorudi, kiache hapa kwangu, nitakutunzia. Ukirudi bila mke na mtoto safari hii, utakwenda tena. Ukiwa nao, usiwapeleke mahali ambapo anayekupenda atabaki mlangoni akihesabu wapita njia.

Spana ya babu yako nimekuwekea ndani ya begi, chini ya nguo. Usiitoe begini, nenda nayo.

Mungu akutangulie njiani na akukute ukiwa mpole. Mtoto wako akue, akusumbue kama ulivyonisumbua. Maji yapite nyumbani kwako bila kusimama, na kila utakaposhuka mahali pa giza, awepo juu mtu wa kukushikilia asiyeachia.